Mazungumzo Yakivunjika, Unarudi Wapi?

Mafundi wawili wanaoshona sare za shule wamepanga vyumba ghorofa moja, mlango kwa mlango, katika jengo moja la Eastleigh. Mwezi wa Oktoba mwenye jengo anawaambia wote wawili kwamba kuanzia Januari kodi itapanda kutoka shilingi 25,000 hadi 38,000. Wa kwanza anabisha, anasihi, anataja karo za watoto, kisha anakubali 36,000 na kurudi kwenye cherehani yake na kinyongo kifuani. Wa pili anasema, "Sawa mzee, nimesikia. Nipe wiki mbili nitakujibu." Wiki mbili zikiisha, anabaki palepale kwa 27,000.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila anayefanya biashara Nairobi amewahi kuona jozi kama hii. Majirani watasema huyu wa pili ana mdomo. Sidhani. Kilichowatenganisha hakikuwa maneno waliyosema mbele ya mwenye jengo. Wa pili alijua, kwa tarehe na kwa shilingi, angefanya nini tarehe mosi Januari endapo wasingeelewana. Wa kwanza alikuwa na tumaini tu.

Jambo hili lilipewa jina mwaka 1981 na Roger Fisher na William Ury, wasomi waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani. Waliliita njia mbadala iliyo bora kuliko zote pale makubaliano yanapokosekana. Kiini chake ni kifupi: kabla hujaketi na mtu, jua utafanya nini bila yeye. Linaonekana jepesi mpaka uanze kulitumia, kwa sababu watu wengi huchanganya vitu vitatu na kuviita kwa pamoja "mpango wangu".

Kuna matarajio, yaani kile unachotamani kupata. Kuna mpaka, yaani kiwango ambacho ukikivuka ni heri uinuke uende zako. Na kuna njia mbadala yenyewe, yaani kitendo unachoweza kukifanya upande wa pili ukikataa katakata. Mpaka huzaliwa na njia mbadala. Hauzaliwi na hasira wala na kile jirani anacholipa. Fundi anaposema "siwezi kulipa zaidi ya elfu thelathini," swali la kumuuliza ni moja: la sivyo? Asipokuwa na jibu, ile elfu thelathini ni maneno tu, na mwenye jengo atalijua hilo kabla hajamaliza chai yake.

Tena usihesabu kama njia mbadala jambo linalohitaji ridhaa ya mtu yuleyule mnayevutana naye. Kulipa kodi ya miezi mitatu kwa mpigo ili upunguziwe ni pendekezo zuri, lakini ni pendekezo. Bila yeye kukubali halipo.

Hesabu yenyewe

Tumfuate fundi wa pili katika zile wiki mbili. Anatoka alasiri, anatembelea majengo ya karibu, anauliza. Anapata chumba cha 22,000 mtaa wa pili. Kiko ghorofa ya juu zaidi, ngazi ni nyembamba, na mama aliyebeba mtoto mgongoni atafikiria mara mbili kabla ya kupanda. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona 22,000 na kusema tayari, nina pa kwenda kwa 22,000. Sivyo. Kuhamisha cherehani na meza ya kukatia ni kama 6,000. Rafu, nyaya na soketi mpya 15,000. Bango 5,000. Halafu wateja: tuseme kwa miezi minne ya kwanza faida yake itapungua kwa 9,000 kila mwezi mpaka watu wamzoee. Hizo ni 36,000. Jumla ya gharama za mara moja ni 62,000, na ukizigawa kwa miezi kumi na miwili unapata kama 5,200 kwa mwezi. Kwa hiyo kile chumba cha 22,000, mwaka wa kwanza, kinamgharimu karibu 27,200.

Huo ndio mpaka wake. Mwenye jengo akishuka hadi 27,000, kubaki ni sawa na kuhama, tena bila kubeba chochote. Akigandia 33,000, kuhama ni nafuu hata kama moyo unauma.

Muda nao una uzito. Gharama hizohizo zikigawanywa kwa miaka miwili, chumba kipya kinashuka hadi karibu 24,600 kwa mwezi, na ghafla hata kodi ya sasa ya 25,000 inaonekana ghali kidogo. Je, apige hesabu ya mwaka au ya miaka miwili? Mimi ningepiga ya mwaka mmoja, kwa sababu mwenye chumba kipya naye ana uhuru wa kupandisha. Lakini kama yuko tayari kuandikiana mkataba wa miaka miwili bila nyongeza, hesabu inabadilika, na fundi ana haki ya kuitumia hesabu hiyo mezani.

Kisha linakuja jambo ambalo limewaangusha wengi wenye hesabu safi. Chumba kipya kinataka amana ya miezi miwili, 44,000. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, 22,000, na zile 26,000 za kubeba, kutengeneza na kuchora bango. Ni 92,000 taslimu, mwishoni mwa Desemba, wakati uleule anaohitaji pesa za kununua vitambaa kwa msimu wa kufungua shule. Amana yake ya zamani iko mikononi mwa mwenye jengo, na haitarudi siku anayotoka. Kwa hiyo kama hana 92,000, hana njia mbadala. Ana chumba alichokiona tu. Kuiandaa maana yake ni kwenda kwa chama chake cha akiba na mikopo mwezi huohuo wa Oktoba na kuomba mkopo uwe tayari Desemba, na kumwomba mwenye chumba kipya apokee amana kwa mafungu mawili. Hayo yakikamilika, anaweza kusema "hapana" na sauti isitetemeke.

Upande wa pili nao una pa kurudi

Mwenye jengo pia anapiga hesabu, na ukiijua hesabu yake utaacha kubahatisha. Fundi akiondoka, chumba kitakaa tupu muda gani? Angalia mabango ya "TO LET" yaliyoning'inia kwenye jengo hilo na ya jirani. Ongea na mlinzi. Mlinzi anajua vyumba vyote na anajua nani alihama lini. Chumba cha 38,000 kikikaa tupu miezi mitatu, mwenye jengo amepoteza 114,000, na hiyo inazidi nyongeza yote ya miezi minane aliyokuwa akiitaka.

Ila kuna sehemu za jiji, hasa katikati kwenye vijiduka vilivyogawanywa kwa mbao na vioo, ambako mpangaji mpya hutoa gudwili, fungu kubwa la pesa kabla hajapewa ufunguo. Hapo mwenye jengo hapotezi kitu ukihama, anapata. Kama hali ni hiyo katika jengo lako, usijidanganye kwamba anakuhitaji. Njia yake mbadala ni nzuri kuliko yako, na la busara ni kuanza kutafuta pengine mapema.

Sheria pia ni mahali pa kurudi, na wafanyabiashara wengi hawaijui. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inawalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa ambao hawana mkataba wa maandishi, au wana mkataba usiozidi miaka mitano. Fundi anayehudumia watu kwa malipo huhesabiwa humo. Kwa mpangaji wa namna hii, kodi haipandishwi kwa mdomo wala kwa ujumbe wa simu. Mwenye jengo anatakiwa kutoa notisi kwa fomu maalumu, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au la, na kabla ya tarehe ya notisi kufika anaweza kupeleka shauri kwenye jopo la kuamua mizozo ya kodi za majengo ya biashara. Akishalipeleka, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Akinyamaza, inaanza kufanya kazi kama ilivyoandikwa. Kunyamaza ndiko kunakowaponza watu.

Nasema hivi nikijua kwamba kwenda kwa jopo kuna gharama yake: siku za kazi zinapotea, na uhusiano na mwenye jengo unaweza kuharibika kabisa. Wakati wote huo lazima uendelee kulipa kodi ya zamani bila kuchelewa, maana ukiacha kulipa unampa sababu nyingine ya kukutoa. Wapangaji wa nyumba za kuishi wasijichanganye: sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba hugusa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba nyingi za Nairobi zilishapita hapo zamani.

Bahasha iliyofungwa

Nchi nazo hujikuta mahali pa yule fundi, na Nairobi imeona mfano ambao kila mwenye kujadiliana angefaidika kuuchunguza. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi uliofuatwa na vita vilivyoua zaidi ya watu elfu moja, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, alisimamia mazungumzo hapa jijini akiwa pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Tarehe 26 Februari, timu za pande mbili zilipokwama, Annan aliyasimamisha mazungumzo yao na kwenda moja kwa moja kwa Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga. Siku mbili baadaye wakatia sahihi. Meza ya chini iliposhindwa, kulikuwa na meza ya juu, na msuluhishi alijua lini aiendee.

Lakini fundisho kubwa zaidi lilikuja Oktoba mwaka huo, kutoka kwa tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zile. Tume ilijua kwamba ripoti za Kenya huishia kwenye makabati. Ilipendekeza mahakama maalumu ya humu nchini, kisha ikaweka saa: siku 60 za kutia sahihi makubaliano ya kuiunda, na siku 45 zaidi za kupitisha sheria. Isipoundwa, orodha ya majina ya washukiwa, iliyotiwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa Annan, ingepelekwa kwa mwendesha mashtaka wa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai iliyoko Hague, Uholanzi.

Tazama kilichofanyika hapo. Njia mbadala haikuachwa iamuliwe baadaye na watu walewale ambao wangeumia nayo. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na mtu wa kuishika, na ilikuwa na mahali pa kwenda. Februari 2009 mswada wa kuunda mahakama ulishindwa bungeni. Baadhi ya wabunge hawakuiamini mahakama yoyote ya hapa nyumbani. Wengine waliiona Hague kuwa mbali na ya polepole, jambo la miaka ijayo. Annan aliongeza muda, na ulipopita bila matokeo, tarehe 9 Julai 2009 alimkabidhi mwendesha mashtaka huyo, Luis Moreno-Ocampo, bahasha. Desemba 2010 majina sita yalitangazwa hadharani.

Haki inanilazimu nieleze na mwisho wake. Kesi zile hazikumtia hatiani mtu hata mmoja. Ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ya William Ruto na Joshua Sang ikasimamishwa Aprili 2016. Waliopoteza jamaa na nyumba walikuwa wameahidiwa haki, na njia mbadala iliyowashwa kwa ustadi mkubwa haikuwafikishia. Kwa hiyo kuna maswali mawili, nayo hayafanani. Je, njia hii itaanza kweli wakati ukifika? Na ikishaanza, ina uwezo wa kunipa nilichokitaka? Tume ya Waki ililijibu la kwanza vizuri kuliko tume yoyote ninayoijua. La pili halikuwa mikononi mwake.

Maswali hayo mawili nayapima pia kwa anayedai pesa. Tangu 2021 Mahakama ya Madai Madogo inafanya kazi Milimani, ikisikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa fundi mjenzi anayedai 400,000, hapo ni mahali pazuri pa kurudi pale mdaiwa anapogeuza kila simu kuwa "wiki ijayo". Ila mahakama itauliza karatasi: oda iko wapi, hati ya kupokea mzigo ilitiwa sahihi na nani, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza uko wapi. Karatasi hizo hukusanywa siku mnapopeana mikono na kucheka. Na hata ukishinda, kupata hukumu ni jambo moja, kuipata pesa ni lingine. Kwa hiyo mdaiwa akikupa 350,000 kwa mafungu matatu yenye tarehe, pima kabla ya kukataa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Vyama vya wafanyakazi vinaujua uzito huu kwa mwili. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100, na ule wa 2024 ukachukua 56. Sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inataka kwanza upatanishi ushindwe na notisi ya siku saba itolewe, na mahakama ya ajira inaweza kuusimamisha mgomo wakati wowote. Nguvu ya mgomo haipimwi siku ya kwanza mitaani. Hupimwa wiki ya sita, mwenye mkopo wa sacco anapotazama simu na mshahara haujaingia, huku wagonjwa wasio na pesa za hospitali ya kibinafsi wakilipa gharama ambayo hawakuulizwa.

Kumwambia au kutomwambia

Ukiwa na njia mbadala nzuri, itaje bila kutisha. Fundi wetu alisema hivi: "Mzee, nimepata chumba huko mtaa wa pili kwa ishirini na mbili. Lakini hapa wateja wamenizoea na sijawahi kuchelewesha kodi yako. Nifanyie ishirini na saba nibaki." Mwenye jengo akajibu, "Mama, hiyo ni kidogo. Lete thelathini." Naye akanyamaza, akasema atarudi Ijumaa. Hakuinua sauti, kwa sababu hakuhitaji. Ijumaa ilifika kukiwa na chumba kingine kitupu ghorofa ileile.

Ukiwa huna, usidanganye. Majengo ya Nairobi yanaongea. Mwenye jengo akimpigia simu mwenzake wa mtaa wa pili, uongo wako unajulikana kabla ya magharibi, na kuanzia hapo hata ukweli wako hautasikilizwa. Ni heri unyamaze kuhusu utakachofanya na uzungumzie unachompa: kodi inayolipwa kwa wakati, chumba kinachotunzwa, wateja wanaoleta watu kwenye jengo lake.

Na yule asiye na pa kurudi kabisa? Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu wengi wa jiji hili wako hapo: leo inakula leo. Kwake, mshauri anayesema "ondoka mezani" hajamsaidia. Njia zake hujengwa polepole. Anayeuzia hoteli moja sukuma wiki yake yote aanze kupeleka robo ya mzigo kwa mnunuzi wa pili, hata kwa bei ya chini kidogo, ili siku hoteli ikikataa asimwage mboga. Wapangaji wa ghorofa nzima wakae pamoja kabla ya kujibu barua. Mwenye jengo anayeweza kuvumilia chumba kimoja kitupu hawezi kuvumilia vinane. Akiba ya kodi ya mwezi mmoja kwenye chama inafaa kuliko ufasaha wowote. Mkopo wa haraka wa simu siuhesabu, maana unamtoa mtu kwa mdai mmoja na kumkabidhi kwa mwingine mkali zaidi.

Njia mbadala pia huharibika. Chumba cha 22,000 ulichokiona Oktoba huenda kimepata mtu Novemba. Piga simu tena kabla ya kila kikao, na kama unaweza, weka kitu kidogo chenye risiti. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na chumba kisichoshikiliwa kwa chochote ni msala unaopita.

Ikibidi kuondoka kweli, ondoka kwa utaratibu. Mwandikie mwenye jengo barua ya notisi, pata sahihi ya aliyeipokea kwenye nakala yako pamoja na tarehe. Pigeni hesabu ya stima na maji mkiwa pamoja, piga picha kuta na soketi siku ya kukabidhi ufunguo, na muandikiane siku amana itakaporudi. Bila karatasi hiyo, ile amana yako itakuwa mazungumzo mengine, na safari hii yeye ndiye mwenye pesa mkononi.